Mall Hukopa, Mama Mboga Hukopesha

Mtaa wetu unaitwa Fedha, kwa hivyo wacha nianze na hesabu.

Mwezi jana mpwa wangu alifikisha miaka saba. Hakutaka baiskeli, hakutaka keki. Alitaka kupanda lile gurudumu kubwa la Two Rivers ambalo amekuwa akilitazama kwenye simu ya mamake tangu ajue kufungua simu ya mamake. Tukaenda watatu: yeye, dadangu na mimi. Fedha hadi tao, tao hadi Ruaka, kisha njia ile ile kurudi. Nauli peke yake ikakaribia thao. Hapo hujanunua tiketi, hujanunua kuku, hujanunua soda, na mtoto hajaanza kunyooshea kidole kila kitu kinachong'aa. Tulivuka Nairobi nzima, kutoka Eastlands mpaka mpakani na Kiambu, kumtafutia mtoto mahali pa kucheza.

Alifurahi, sitadanganya. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kwenye mathree ya kurudi alilala mapajani mwa mamake akiwa bado ameshika kikombe cha karatasi, na dadangu akaniambia, "Si wangetuletea hizi vitu pia sisi huku kwetu? Wajenge mall kubwa hapo karibu na stage, waweke bembea na hayo magari ya kugongana, tuache kuteseka." Nilinyamaza. Jibu langu lilikuwa refu kushinda safari, na makanga alikuwa amefungulia muziki mpaka viti vinatetemeka. Basi dada, jibu ndilo hili. Na ninyi wengine mnaosema maneno hayo hayo kila jengo jipya likizungushiwa mabati, someni pia.

Kwanza nikubali yenye yanakubalika. Mall ina choo safi na hulipi. Mall ina mwanga saa mbili usiku. Msichana anaweza kutembea kutoka mlango huu hadi ule bila mtu kumpigia mluzi. Bei imeandikwa, haibadiliki kwa kuangalia viatu vyako. Mvua ikinyesha hujapanda juu ya mawe kama mbuzi. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa saa nne na kikombe kimoja cha chai kwenye mkahawa wa mall nikimaliza kuandika CV, na hakuna aliyenifukuza. Na mama mboga si malaika. Nimewahi kuuziwa nyanya ambazo zilikuwa nyanya upande mmoja tu, ule ulioangalia barabara.

Lakini hebu rudia hiyo orodha polepole. Choo, mwanga, kiti cha kukaa, mahali ambapo msichana anaweza kupita kwa amani, sakafu isiyo na matope. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni biashara. Hiyo ni kazi ya jiji. Hizo ndizo taa za barabarani ambazo hazijawahi kuwaka, ndiyo mitaro iliyojaa chupa za plastiki, ndiyo soko lenye paa ambalo tunaahidiwa kila miaka mitano. Tulilipia vitu hivyo kwa jumla kwenye kodi, halafu mwenye jengo akaja kutuuzia kwa rejareja, na sisi tukamshukuru kwa kutuletea maendeleo.

Na anachouza anaweza kukataa kukuuzia. Jumamosi moja niliwaona watoto watano wa kutoka upande wa Pipeline, wamevaa ndara, wamesimama kwenye mlango wa mall moja ambayo sitaitaja. Walitaka kuingia kuona samaki waliokuwa kwenye tangi la vioo. Soja akawauliza mzazi wao yuko wapi. Hawakuwa na mzazi, walikuwa na kaka wa miaka kumi. Wakarudishwa. Soja hakuwa mkali, alikuwa anafanya kazi aliyopewa. Ila ukitaka kujua tofauti ya uwanja wa umma na uwanja wa mtu, muulize yule kaka wa miaka kumi.

Wale msiojua huku, Pipeline ni pale ghorofa zimebanana hadi mchana wa saa sita watu wa vyumba vya chini wamewasha taa. Watoto wa huko huchezea kwenye korido, kwenye ngazi, kwenye paa kati ya nguo zilizoanikwa, na barabarani. Sisi wa Fedha tunajiona wa juu kidogo kwa sababu tuna mageti na mtu wa kuyafungua, lakini niambie kiwanja chetu kiko wapi. Pale nilipovunjia jino nikiwa golikipa leo ni ghorofa saba na duka la dawa chini. Sisemi aliyejenga aliiba. Labda ploti ilikuwa yake siku zote na sisi ndio tuliokuwa tukicheza kwa mtu bila kujua. Nasema tu kwamba hakuna aliyepanga mtoto acheze wapi, halafu mtoto anapotaka kucheza tunamkatia tiketi.

Two Rivers ilifunguliwa Februari 2017 kando ya Limuru Road, na mbuga yake ya michezo ikawa kivutio. Walijua wanachofanya. Mtoto akitaka gurudumu, mzazi atapita mbele ya kuku, mbele ya piza, mbele ya viatu, na atatoka na mfuko ambao hakuja kuutafuta. Mchezo ni chambo. Sina ugomvi na chambo, kila mfanyabiashara anacho. Hata wa mutura hukata kipande cha kuonja. Ugomvi wangu ni kuwa mtaa mzima umekubali kwamba hiyo ndiyo njia moja tu ya mtoto kupata bembea.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu mpaka hapa mtasema nina wivu na majengo.

Kuna fununu ambayo sisi vijana tumeimeza bila kutafuna: kwamba mall ni pesa zinazoingia mtaani, na vibanda ni umaskini unaosubiri kuondolewa. Mall ni mwekezaji, mama mboga ni kero. Nataka tuangalie pesa zenyewe zinatembeaje. Nani anamkopesha nani?

Mama mboga wetu ana daftari la Kasuku lenye jalada lililotoka. Jina langu limo. Mwezi ulioisha nilikuwa nimeandikwa mara tisa: sukuma ya mbao, nyanya za thati, avokado moja, mayai mawili. Hakuniuliza payslip. Hakuchukua riba. Fuliza ingenikata kila siku ambayo deni limelala. Yeye alinikata jicho tu, mara moja, tarehe tano, nilipopita upande wa pili wa barabara nikijifanya nimeshika simu. Hesabu hiyo ukiizidisha kwa majirani wote walioandikwa humo utaona jambo la ajabu: mwanamke anayeamka saa tisa usiku kwenda Marikiti, ambaye kanjo wanamwita mchafuzi wa barabara, ndiye benki ya ghorofa nzima za watu wenye digrii.

Na ile supamaketi iliyo ndani ya mall? Ile inakopa.

Hili wengi hawalijui mpaka wawe na mtu wa karibu aliyewahi kupeleka bidhaa. Supamaketi haimlipi mwenye mayai siku anayoleta mayai. Anapewa karatasi na kuambiwa arudi baada ya siku thelathini, sitini, tisini. Wewe mteja unalipa pale pale kwenye kaunta. Yai limeshaliwa, limeshasahaulika, na mwenye kuku bado anangoja. Pesa zake ndizo zinazofungua tawi jipya, ndizo zinazonunua zile taa nzuri. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huku harusi inafanywa na mmoja na matanga wanakaa wengine.

Mjomba wangu alikaa matanga hayo. Alikuwa akisaga unga wa uji, wimbi na mtama, anaupakia kwenye mifuko ya kilo moja yenye picha ya mtoto anayecheka. Alipopata kuingia kwenye rafu za supamaketi moja kubwa tulichinja kuku. Kwa mwaka wa kwanza walimlipa. Mwaka wa pili wakaanza kumwambia mhasibu yuko likizo. Mwaka wa tatu rafu zikaanza kuwa na mapengo, kisha wakafunga, na yeye akawa namba kwenye orodha ndefu ya wadai. Mashine ya kusagia aliiuza. Mpaka leo hanywi uji, na sisi hatumuulizi.

Hakuwa peke yake, na haikuwa duka moja. Nakumatt, ambayo tulilelewa kuiona kama bendera ya pili ya taifa, ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilianguka ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Wadai walipopiga kura ya kuizika Januari 2020, matawi sita yaliyobaki yalikuwa yamenunuliwa na Naivas kwa milioni 422. Weka nambari hizo mbili pamoja uone wadai wa chini walibakiwa na nini. Uchumi, iliyoanzishwa 1975 na serikali kwa nia ya kumfikishia mwananchi bidhaa kwa bei nafuu, ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, ikarudi kitandani tena. Tuskys nayo 2020 ilikuwa inakimbizana na wauzaji wanaodai mabilioni, na punde ikafifia tawi moja baada ya jingine. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja 2018 ikaondoka baada ya miaka miwili hivi. Game ikaja, ikafunga. Choppies ya Botswana ikaja, ikafunga.

Kila mara mall ilibaki na pengo kubwa kama uwanja wa ndege katikati yake, maduka madogo yanayoizunguka yakakosa wateja, na tukaambiwa tusubiri, mpangaji mpya anakuja. Katika miaka hiyo yote sijaona mama mboga mmoja aliyefilisika na bilioni thelathini za watu wengine. Hawezi. Hakuna atakayempa nafasi ya kukosea kwa ukubwa huo.

Utasema hao walikuwa wasimamizi wabaya, sasa tuna Carrefour, mambo yamenyooka. Ni kweli rafu zimejaa. Carrefour iliingia Kenya 2016, na leo hata sisi tunayo pale Southfield Mall, kando ya Airport North Road, hatua chache tu kutoka kwetu. Mimi hununua huko mafuta na sabuni ya kufulia, sijifichi. Lakini angalia rekodi. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani iliamua kwamba kampuni inayoendesha Carrefour hapa ilitumia vibaya ubabe wake wa mnunuzi dhidi ya kampuni ya mtindi iitwayo Orchards. Miongoni mwa yaliyotajwa ni makato ya lazima, bidhaa za bure, na kumtaka mwenye mtindi apeleke wafanyakazi wake wapange rafu dukani. Mwaka uliofuata Mahakama ya Ushindani ikaunga mkono uamuzi huo. Desemba 2023 Mamlaka hiyo ikatoa adhabu nyingine, safari hii ya shilingi bilioni 1.1, kwa kesi mbili: moja ya muuzaji wa asali, Woodlands, na nyingine ya Pwani Oil. Kampuni ilikata rufaa, na hiyo ni haki yake.

Elewa maana ya hayo makato. Muuzaji anakuletea asali ya shilingi mia. Unamwambia, kwa kuwa nimekuuzia nyingi, nirudishie asilimia fulani. Anakurudishia. Kisha unaweka bango jekundu nje: bei zimeshuka! Mteja anapiga makofi. Ile bei haikushuka kutoka mbinguni, ilitolewa kwenye mfuko wa mtu mwenye mizinga. Na yule kijana aliyevaa fulana ya kampuni ya maziwa, ambaye wewe humuuliza chumvi iko wapi na anakuonyesha kwa heshima? Mara nyingi si mwajiriwa wa supamaketi. Analipwa na muuzaji. Kwa hivyo ile hoja ya "mall imeleta kazi kwa vijana wetu" ipunguze kidogo, kazi nyingine zimeletwa na mwenye maziwa na kuandikwa kwa jina la mall.

Nani atashindana na hilo kutoka kwenye meza ya mbao? Bunge lilirekebisha sheria ya ushindani 2016 na tena 2019 ili kubana ubabe huu. Sheria ipo, na imefanya kazi pale mtu alipokuwa na mawakili na ujasiri wa kulalamika. Mjomba wangu hakuwa na wakili. Alikuwa na faili ya kijani yenye karatasi za kupokelea mzigo, zenye muhuri na sahihi, ambayo bado iko juu ya kabati.

Kisha kuna chakula, na hapa mtanivumilia kwa sababu napenda chipo kuliko ndugu zangu wengi.

KFC ilifungua mlango wake wa kwanza Nairobi 2011. Ilisambaa mpaka ikawa mall bila ile ndoo nyekundu inaonekana haijakamilika. Januari 2022 ikaishiwa chipo. Kenya! Nchi ambayo viazi ndilo zao la chakula la pili baada ya mahindi, nchi ambayo lori kutoka Nyandarua hupita Outer Ring Road yamejaa shangi mpaka springi zinalia. Sababu iliyotolewa ni kwamba meli zilichelewa. Meli! Viazi vilikuwa vinatoka ng'ambo, kwa maana wa hapa walikuwa hawajapitishwa kwenye utaratibu wa ubora wa kampuni. Watu walichemka mtandaoni, wakatisha kususia, kampuni ikaahidi kutafuta wauzaji wa hapa. Tukacheka, tukatengeneza picha za utani, wiki iliyofuata foleni ikarudi.

Lakini hilo halikuwa jambo la kuchekesha. Wakati huo huo, mita mia moja kutoka mlango wowote wa mall hii Eastlands, kulikuwa na kijana mwenye karai, amemenya shangi asubuhi kwa kisu chenye mpini wa kamba, na chipo yake ilikuwa moto. Hakuishiwa hata siku moja. Muulize mkulima wa Ol Kalou ni nani anayemjua. Anamjua dalali, na dalali anamjua mtu wa karai. Huo ndio mnyororo wetu wa chakula, una mafuta na moshi, una ulaghai wa gunia lililotiwa mkungu, lakini pesa yako ukiitoa Fedha saa mbili usiku, kesho kutwa imefika Nyandarua. Hata mkahawa wetu wa kujivunia, Java, ulioanzia Adams Arcade 1999, umepita mikononi mwa mifuko mitatu ya uwekezaji wa nje tangu 2012, mmoja ukiwa umeanguka wenyewe kwa kishindo huko Dubai. Nyama ya kusaga kwenye burger yako imewahi kuwa na wajukuu London. Kula, ila ujue.

Najua mtu anaandaa jibu: angalau mall ni halali, vibanda vimekalia barabara. Hapo ndipo naomba tutembee pamoja mpaka kwenye makutano ya Outer Ring na Airport North Road.

Pale palikuwa na Taj Mall. Baadaye ikabadilishwa jina ikaitwa Airgate Centre, lakini makanga walikataa kubadilisha, na mpaka leo ukisema "nishukishe Taj" unashukishwa Taj, ingawa hakuna Taj. Ilikuwa kubwa, yenye vioo, alama ya kwamba na sisi tumefikiwa. Nilinunulia hapo viatu vyangu vya kwanza vya shule ya upili. Septemba 2018, katika ile operesheni ya kubomoa majengo yaliyodaiwa kukalia kingo za mito na ardhi ya barabara, matingatinga yakaiangusha. Mwezi mmoja kabla, South End Mall ya Lang'ata na Ukay Centre ya Westlands zilikuwa zimeenda njia hiyo hiyo. Wenye maduka ya ndani walikimbia na bidhaa mikononi. Kisha vijana wakaja na nyundo, wakabomoa zege kwa siku nyingi wakitoa nondo za kuuza kwa kilo.

Niliwatazama kutoka kwenye daraja la miguu. Jengo zima lenye lifti, lililoruhusiwa na mtu aliyekuwa na kalamu na ofisi, lilikuwa limesimama miaka yote hiyo mbele ya macho ya kila afisa, halafu siku moja likawa haramu. Uharamu wa mama mboga hugunduliwa kila Jumanne. Yeye hupakiwa kwenye gari la kanjo na karai lake na sukuma zake, hutafuta jamaa wa kumtoa, na jioni yuko pale pale kwa sababu mna njaa. Sizungumzii huruma. Nauliza ni kwa nini neno "haramu" linamfikia mmoja baada ya dakika tano na mwingine baada ya miaka mingi, na wanaoumia kwenye kesi zote mbili ni wale wenye mtaji wa kubebeka kwa mikono.

Sasa dadangu ataniuliza, kama alivyoniuliza nikiwa namsomea nusu ya haya jikoni: "Kwa hivyo unataka tukae na matope?"

Hapana. Nataka yule mwanamke wa daftari la Kasuku apewe soko lenye paa, maji na choo, hapa mtaani, si kilomita sita kutoka kwa wateja wake. Nairobi imewahi kujenga masoko na kuyaacha matupu kwa sababu aliyeyapanga hakuwahi kununua dhania. Nataka muuzaji mdogo alipwe kwa tarehe iliyoandikwa, na duka likichelewa, riba ianze kuhesabu yenyewe bila yeye kwenda kubembeleza mhasibu. Kama Fuliza inaweza kunihesabia mimi kila siku usiku wa manane, kompyuta ya supamaketi inaweza pia. Nataka kila jengo kubwa linaloidhinishwa Embakasi liache kipande cha ardhi chenye nyasi na kisicho na soja, ambacho mtoto wa ndara anaingia bila kuulizwa mzazi.

Na nataka sisi tuanze kusoma mabati. Ploti ikizungushiwa mabati, kabla ya matingatinga, hutundikwa ubao wenye maandishi madogo, unaosema mwenye ardhi anataka kubadilisha matumizi yake, kutoka makazi hadi biashara, na kwamba mwenye pingamizi aiandikie kaunti ndani ya siku 14. Tumeupita ubao huo mara ngapi? Tunaupiga picha jengo likishaisha, tukiwa na aiskrimu. Barua ya pingamizi haihitaji wakili. Inahitaji jina, namba ya ploti iliyo kwenye ubao, na sababu. "Hapa ndipo watoto huchezea" ni sababu. Watakupuuza? Pengine. Lakini barua arobaini kutoka court moja zinakaa kwenye faili, na faili ndiyo inayosomwa siku mambo yakifika kortini. Wale wanaojenga wanajua hivyo, ndiyo maana ubao huwa mdogo na umefungwa nyuma ya mti.

Kuna ubao mmoja sasa hivi, kwenye njia yangu ya kwenda stage. Nimeupiga picha, nimeituma kwenye grupu la court. Watu wawili wameweka kidole gumba. Mmoja ameuliza kama kutakuwa na KFC.

Jana nilienda kulipa deni. Mama mboga alilamba kidole, akafungua daftari, akachora mstari juu ya jina langu mara mbili, kisha akaandika jina hilo hilo tena chini, tupu, tayari kwa mwezi huu. Mpwa wangu alikuwa amepanda juu ya gunia la viazi nyuma yake, ameshika fimbo ya kuningʼinizia mifuko kama usukani. "Hii ni ya bure?" akaniuliza. Mama mboga akamwambia ashuke, anaponda shangi. Akashuka. Njiani akaniuliza siku yake ya kuzaliwa inarudi lini, nikamwambia bado miezi kumi na moja.